Ngome Iliyofungiwa Kabatini

Jumanne, tarehe kumi na moja Novemba. Mvua ilianza kabla hakujapambazuka na mpaka sasa haijakata. Ni ile mvua nyembamba ya hapa Kasulu, haipigi kelele juu ya bati lakini unyevu wake unaingia mpaka kwenye godoro. Nepi za mtoto zimeshinda kwenye kamba ya ndani na hazikukauka hata moja.

Baba alifika asubuhi kutoka Murungu, amelowa chapachapa, kiroba cha maharage begani. Amekuja kumwona mjukuu. Tulisalimiana kwa Kiha, salamu ndefu kama anavyozipenda, habari za mama, za mbuzi, za majirani mmoja mmoja. Akiwa anakunywa uji ndipo akatoa hii nyingine, kama ya kuchekesha. Ofisi ya shule yetu ya zamani imebomolewa ili ijengwe mpya. Walipolivuta lile kabati la mbao la mwalimu mkuu, likaja nusu. Mgongo wake haukuwepo. Nyuma kote ni udongo, na vitabu vyote vilivyokuwa ndani ni udongo, vimeshikamana kama matofali.

"Mchwa wamesoma," Baba akasema. "Wamesoma mpaka wamehitimu."

Mume wangu akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Baba alipoona imependeza akaongeza, "Huyu mkeo vile vitabu vilimponza. Aliitwa mtoro mbele ya wageni, na mimi nikaitwa shuleni."

"Kumbe Mama Tumaini ulikuwa mtoro!" mume wangu akasema. "Na unavyojidai hapa!"

Wakacheka wote wawili. Mimi nikachukua vikombe, nikaenda jikoni, nikavisuuza mara mbili na vilikuwa safi. Sijui kama nina haki ya hasira hii. Ni karatasi tu zilizoliwa, tena sasa mimi ni mama wa mtu. Nimejaribu kuikalia tangu asubuhi lakini haikaliki, kwa hiyo naiandika. Niliishia kidato cha pili, anayesoma anisamehe panapopinda.

Vile vitabu vilikuja nikiwa darasa la tatu, ndani ya maboksi, kwenye gari jeupe. Mwalimu wetu wa darasa, Mwalimu Zuhura, mtu wa Tanga, ndiye aliyekata gundi ya boksi la kwanza kwa kijiti. Ile harufu iliyotoka sijawahi kuikuta tena mahali pengine. Ilikuwa kama ya gundi, na kama ya viatu vipya, na ndani yake kitu kitamu kama ganda la mti mbichi. Mpaka siku ile vitabu tulivyovijua ni vya kiada, kimoja watoto sita, tumekizunguka kama sahani, na kurasa za katikati hazipo. Hivi vilikuwa vya hadithi, vya Kiswahili, vinene, na kila mtoto angeweza kushika cha kwake.

Tulivishika, wageni wakapiga picha, gari likaondoka. Halafu mwalimu mkuu akapita dawati kwa dawati na boksi, tukavirudisha, vikaingia kabatini, kabati likafungwa.

Mwalimu mkuu yule sitamtaja jina. Sisi tulimwita Kufuli. Nataka nimtendee haki, maana nikiandika kwa hasira peke yake nitakuwa kama yeye. Hakuwa mtu mvivu. Alikuwa anakwenda Kibondo kwa baiskeli kwenye mvua kufuata chaki, na sehemu za hesabu, nusu na robo na theluthi, ni yeye aliyenifundisha na mpaka leo ninazijua. Alikuwa ametoka mkoa wa mbali, mke wake na watoto aliwaacha huko. Na walisema kwamba mkuu aliyemtangulia aliandikiwa barua kali kwa sababu ya madawati yaliyopotea. Kwa hiyo vitabu vile kwake havikuwa vya kusomwa. Vilikuwa kitu ambacho siku moja mtu angekuja kukiuliza, navyo viwepo, safi, vyote. Sisi tulikuwa na mikono ya udongo mwekundu. Naelewa. Nimeelewa kwa miaka mingi, na kuelewa hakujanisaidia.

Ikawa hivi: vitabu vinatoka siku ya wageni. Siku ya wageni tunajulishwa jana yake. Tunafua sare, tunamwagia maji sakafu vumbi lilale, tunaleta maua kwenye makopo. Asubuhi Mwalimu Zuhura anaingia na boksi, anagawa. Wageni wanaanzia ofisini, wanakunywa soda, kisha wanakuja darasani, wanasimama nyuma yetu, nasi tunasoma kimya. Wakishaaga, gari lao halijafika hata barabara kubwa, vitabu vimesharudi.

Mimi na jirani yangu wa dawati, Yusta, tulipata kitabu cha ngome.

Yusta wazazi wake walikuja kutoka Burundi zamani, kabla hajazaliwa, wakapewa uraia. Alikuwa na ulimi kuliko wote darasani. Tulipofungua ukurasa wa kwanza kulikuwa na picha ya mtu amekaa juu ya mnyama. Farasi tulikuwa hatujamwona, nikajua ni ng'ombe aliyekatwa pembe. Na yule mtu alikuwa amevaa bati. Bati, tangu kichwani mpaka kwenye vidole vya miguu. Kwetu wakati ule nyumba za bati zilikuwa chache, sisi tulilala chini ya nyasi. Nikawaza, huyu ana utajiri gani, ameezeka nyumba, ameezeka zizi, bati likambakia la kuvaa?

"Mvua ikinyesha huyo hasikii akiitwa," Yusta akaninong'oneza.

Kilikuwa kitabu cha watoto wanaoanza kusoma vitabu virefu. Sasa najua, wakati ule sikujua kama kuna aina. Hadithi nilizozizoea zilianza na kuisha ukurasa uleule, sungura amemdanganya fisi, basi. Hii ilikuwa imekatwa vipande, na kila kipande kilikatwa mahali pabaya. Sura ya kwanza, binti wa mpishi wa ngome, jina lake Amelina, yuko juu ya ukuta anaanika mbaazi. Anaona vumbi barabarani. Vumbi linasogea. Ndani ya vumbi kuna vitu vinavyong'aa. Sura imeisha, na wageni wameshaanza kuaga.

"Rudisheni vitabu!"

Nilibaki na lile vumbi miezi.

Mimi sikujua kwamba kitabu kikifungwa mambo ya ndani yanasimama. Au niseme nilijua yanasimama, lakini nilielewa vibaya kusimama kwenyewe. Wageni walipokuja tena tukasoma mbele. Ngome ikazingirwa, milango ikafungwa, watu wa ndani wakaanza kupimiwa chakula. Mimi nikawa na hakika kwamba wale watu wanakaa na njaa mle kabatini mpaka wageni waje. Sisi tukila, wao hawali. Mvua ilipokuwa inapiga ofisi, nilikuwa nafikiri kwamba angalau maji wanapata.

Niliomba wageni waje kama wengine wanavyoomba mvua. Gari lolote likipita barabarani nilisimama. Na siku wakija nilikuwa nimejiandaa, mapera mfukoni, kwa sababu vitabu viligawiwa ovyo na kitabu cha ngome kingeweza kuangukia mtu yeyote. Nilimhonga aliyekipata. Wengi walikubali haraka, wao walitaka chenye picha za wanyama.

Tulisoma kwa kugombana. Yusta alikuwa anasoma polepole, kidole chini ya mstari.

"Ngoja! Sijafika chini."

"Fika basi, wageni wanakwenda."

"Wewe unasoma au unakunywa?"

Jioni ya siku hizo nilikuwa namsimulia Baba. Tunapukuchua maharage uani, mimi nasema, yeye anasikiliza na kuuliza. Alikuwa na maswali mazuri kuliko ya mwalimu. Wana visima ndani? Ng'ombe wao wamewaficha wapi? Na yule wa bati, akitaka kujikuna anafanyaje?

Kipande kimoja kilimshika kweli. Ni pale mkulima mmoja anapokimbilia ngomeni na watoto wake. Anapiga magoti mbele ya Bwana Rodani, mwenye ngome, anakutanisha viganja vyake, na Bwana Rodani anavifunika kwa mikono yake miwili. Kuanzia hapo huyu ni mtu wake. Atamlimia na kumpigania, naye Bwana Rodani atamlinda yeye na watoto wake mpaka kufa.

Baba aliacha kupukuchua. "Hiyo siyo ya Ulaya," akasema. "Hiyo ni ya hapahapa. Hujasikia kugabira?"

Sikuwa nimesikia. Akaniambia kwamba babu yake alikwenda kwa mtu mwenye ng'ombe wengi, akachuchumaa, akapiga makofi, akasema naomba. Akagabirwa ng'ombe mmoja. Tangu siku ile akawa mtu wake. Yule akijenga, anakwenda kumjengea, yule akilima, anakwenda. "Na babu akionewa mahali, yule mwenye ng'ombe anasimama. Anasema, huyu ni wangu, mwacheni."

"Na asiposimama?"

"Asiposimama huyo si bwana. Ni mtu tu mwenye ng'ombe."

Basi nikalala na furaha. Nilidhani nimeshika kitabu cha watu wa mbali, kumbe kilikuwa kinatuzungumza sisi. Nadhani ndiyo siku niliyoanza kuwa msomaji, kama neno hilo naweza kujiita.

Tukaenda hivyo, sura kwa ziara, mpaka nikawa darasa la sita na ikabaki sura moja. Ngomeni chakula kimeisha. Amelina anajitolea kutoka kwa njia ya maji machafu, chini ya ukuta, akamwite yule mtu wa bati aliyeko ng'ambo ya mto. Anatambaa na taa. Mbele yake anasikia mbwa. Anaizima taa. Mwisho wa sura.

Siku ileile, kabla hatujarudisha vitabu, mgeni mmoja akainama kwenye dawati letu. Alikuwa mama mmoja wa makamo, wa kutoka Dar es Salaam, miwani shingoni kwa mnyororo, na sauti yake ilikuwa nzuri. Sitasema alikuwa mtu mbaya.

"Binti, kitabu chako kinahusu nini?"

Nikasimama. Nikamwamkia. Nikamweleza yote, ngome, njaa, Amelina, mbwa. Nilieleza vizuri, nakumbuka, maana aliwaita wenzake waje kusikiliza. Mwalimu mkuu alikuwa nyuma yao anatabasamu.

"Eheee! Na mwisho ikawaje?"

"Mwisho sijui, mama. Imebaki sura moja. Tunaomba mje tena mapema."

"Tuje tena? Kwani ukisoma mwenyewe kesho?"

"Vitabu vinatoka mkija ninyi."

Yusta alinifinya paja. Mimi bado sikuona kosa. Nilikuwa nimewashukuru. Nilidhani wanajua kwamba wao ndio chakula cha wale watu wa ngomeni.

Yule mama akageuka taratibu akamtazama mwalimu mkuu. Naye mwalimu mkuu akacheka. Nakisikia kile kicheko hata sasa, cha mtu anayefukuza kuku mlangoni.

"Mheshimiwa, huyu mtoto ni mtoro sugu. Wenzake wote wameshamaliza, wako kitabu cha pili, cha tatu. Yeye akija shule ni bahati." Kisha akainua sauti kwa darasa zima. "Si ndiyo, watoto?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

Wote. Aliyesoma shule zetu anajua. Mwalimu akisema "si ndiyo", mdomo unajibu kabla kichwa hakijasikia swali. Yusta naye alijibu, paja langu bado liko kwenye vidole vyake. Simlaumu. Angeitwa mtoro Yusta, nami ningejibu ndiyo.

"Aa, mwanangu," yule mama akasema, akanishika shavu. "Msichana mwenye akili hivi. Kwa nini unatoroka shule?"

Nikamtazama Mwalimu Zuhura. Yeye ndiye aliyekuwa anaita majina kila asubuhi, na kila asubuhi nilimjibu "nipo". Alikuwa anatazama dirishani. Alikuwa mbali na kwao na chini ya mkuu, naye angeweza kumharibia kazi. Hilo nalo naelewa.

Fimbo nilizochapwa baada ya gari kuondoka sizilalamikii, kila mtu alichapwa kwa jambo fulani. Lakini Baba aliitwa. Kesho yake tukaenda pamoja, nikaambiwa nikae nje. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi.

"Mtoto wako ameiaibisha shule," mwalimu mkuu alisema. "Amesema maneno ambayo hayapo."

Baba hakuuliza ni maneno gani. Alichuchumaa, goti moja likagusa sakafu, akapiga makofi polepole, yale ya viganja vilivyokunjwa kidogo, kama tunavyofanya kwa mtu mkubwa tukiomba radhi. Mwalimu mkuu hakuwa mtu wa kwetu. Nafikiri hakujua afanye nini na yale makofi, nafikiri hata aliona haya. Akainama, akashika mikono ya Baba kwa mikono yake miwili, akasema, "Inuka mzee, inuka, yameisha."

Na mimi pale nje nikafurahi. Naandika hili na meno yanauma. Nilifurahi. Nilikuwa nimeona magoti, nimeona viganja vimekutanishwa, nimeona mikono ya juu ikivifunika. Sikuona mtu aliyedhalilishwa. Niliona Bwana Rodani. Nikasema, sasa sisi ni watu wake, atasimama.

Njiani Baba hakusema kitu mpaka karibu na nyumbani. Hapo akasema, "Usiwe na mdomo." Basi.

Mwaka ule Burundi ilichafuka, magari ya wakimbizi yakawa yanapita barabarani kwenda kambini, na nyuma yao magari meupe, mengi kuliko tuliyowahi kuyaona. Wageni niliowaomba miaka yote sasa wakaja kweli. Wengine wakisikia kuna shule karibu, wanapinda kutusalimia. Na kila walipokuja, mwalimu mkuu aliniita kabla ya kengele.

"Wewe, nenda kalinde shamba la shule. Kuna ngedere."

Shamba lilikuwa bondeni, darasa halionekani kutoka kule. Nilikwenda mbio. Nilichonga fimbo nikaichoma ncha kwenye moto iwe ngumu, ikawa mkuki. Nilikuwa nimepangiwa zamu. Bwana huwapa watu wake zamu, kitabu kilisema hivyo. Nilisimama kwenye kichuguu nikatazama pande zote, na nakumbuka nilinyoosha mgongo.

Siku moja Yusta akashuka na ndoo kuchota maji.

"Bado unalinda?"

"Nalinda."

"Unalinda nini? Mihogo upande wote huu tulishang'oa."

Nikatazama. Kweli ilikuwa imeng'olewa. Nilikuwa nalinda matuta.

"Mwalimu mkuu kaniweka," nikasema.

"Kakuweka? Kakuficha! Wageni wakija unaletwa huku usije ukafungua mdomo tena. Kila mtu anajua, hata Mwalimu Zuhura anajua. Wewe na kijiti chako."

"Na vitabu?"

"Viko mezani ofisini, juu ya kitambaa cha kufuma. Wageni wanaviangalia. Sisi hatugawiwi tena." Akainua ndoo, akaona uso wangu, akaishusha. "Nilitaka nikusomee ile ya mwisho nije nikwambie. Kweli. Haviguswi."

Hapo ndipo hasira ilipozaliwa, kwenye matuta matupu. Na haikuwa kwa sababu ya kuitwa mtoro, hilo lilikuja baadaye nilipokua. Ilikuwa kwamba Baba alipiga goti na yule mtu hakusimama. Alipokea mikono ya Baba, halafu akanificha kama chungu kilichopasuka. Nilikuwa nimekwisha kuamini kitabu. Nikadhani kitabu ndicho kilichonidanganya, na kwa muda mrefu, miaka, sikutaka tena hadithi yoyote. Hata nilipofika sekondari na kukuta rafu ya vitabu haina kufuli, nilikaa mbali nayo. Labda hata hilo si haki kumtupia mwalimu mkuu. Labda ningekuwa hivyohivyo. Siwezi kujua, na kutojua kwenyewe kunaniudhi.

Nimesema nitakuwa wa haki, basi niseme na hili: kama angetugawia, baada ya mwaka vingekuwa vimechanika. Vingekuwa na alama za vidole na mafuta na machozi ya mtu, na kurasa nyingine zingesokotewa tumbaku. Mwishoni visingekuwepo. Leo havipo vilevile. Lakini vingeisha kwa watoto.

Alasiri mume wangu alichinja jogoo, kwa kuwa mkwe amekuja. Nilikuwa nanyonyoa kwenye maji ya moto Baba alipoingia jikoni, jambo ambalo kwake nyumbani halifanyi. Akavuta kigoda.

"Umenuna, mwana wanje," akasema kwa Kiha, yaani mwanangu.

"Sijanuna. Nimekasirika."

"Kwa ajili ya mchwa?"

"Kwa ajili ya mtoro." Mume wangu alikuwa ameshaniita hivyo mchana kutwa, mtoro lete chumvi, mtoro mtoto analia. "Baba, mimi nilikuwa mtoro?"

Akatazama moto. "Hukuwa."

"Siku ile ofisini ulijua?"

"Nilijua. Masika nani alikuwa anakuvusha mto? Kila asubuhi nakubeba mgongoni, narudi shamba nimelowa mpaka kiunoni. Ningekosaje kujua?"

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Niseme mwalimu, mwongo ni wewe? Halafu kesho niwalete wadogo zako pale pale, wafundishwe na nani? Shule ilikuwa moja."

Ni jibu zuri. Nilikuwa nalijua kabla hajalisema, nimeshajijibu mwenyewe hivyo mara nyingi, na ndilo linaloniuma, kwamba kila mtu katika jambo hili ana jibu zuri.

"Sawa. Kwake usingeweza," nikasema. "Lakini mimi? Tulitembea njia nzima. Ungesema tu, najua hukuwa mtoro. Nilikuwa peke yangu na wewe, Baba. Ungesema kwa Kiha, ungesema kwa kunong'ona. Ukaniambia nisiwe na mdomo."

Nilinyonyoa bawa lote.

"Hilo ni kweli," akasema mwishowe. "Hilo ningeweza."

"Ndiyo."

"Nilikuwa na aibu. Mtu akitoka kupiga magoti vile, mbele ya mtoto wake, anatafuta neno halioni. Nikaokota lile."

Sikumwambia kwamba mimi nilikuwa nimefurahi kumwona vile. Hilo siwezi kumwambia. Nimeliandika hapa tu.

Tulipokaa kula, wote mkeka mmoja kwa sababu pengine kote kumelowa, mume wangu akanyoosha mkono. "Haya, mtoro, tuletee maji ya kunawa."

Baba akasema, "Mkwe wangu."

"Naam, Baba."

"Asubuhi nilisema neno kwa kucheka. Ulishike vizuri sasa. Huyu hakuwa mtoro. Aliitwa hivyo na mtu aliyejua si kweli, na mimi nilikuwepo, na mimi nilijua si kweli, nikanyamaza."

"Aa, Baba, tulikuwa tunatania tu."

"Najua mlikuwa mnatania. Sasa hivi mimi sitanii."

Mume wangu akaangalia chini, kisha akainuka akaleta maji mwenyewe, akaninawisha mimi baada ya Baba.

Tulikula kuku wa kuchemsha na ugali wa muhogo, na mchuzi uliobaki nikamlowekea mtoto. Firigisi niliiweka mbele ya Baba, ni yake, yeye ndiye mkubwa na ndiye mgeni. Akaichukua kwa vidole, akapitisha mkono juu ya sinia, akaiweka upande wangu. Kwetu mwanamke hali firigisi baba yake akiwa amekaa pale. Niliila yote. Ilikuwa ngumu kidogo, haikuiva sawasawa, na hasira yangu bado ninayo.